Mvule wa Majani Mazuri

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa mmeitoa puani. Mimi nataka ya tumboni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, angalau. Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko chakula, palikuwa na msitu ukiitwa Kivumoni. Katikati ya msitu ulisimama mvule. Si mvule wa kupasua mbao za kitanda kimoja, la. Ukianza kuuzunguka umeshiba, unamaliza una njaa. Juu walikaa ndege. Kati walikaa tumbili. Kivulini walikaa wenye miguu mizito. Na wote, asubuhi na jioni, walikuwa wakisema, "Mti wetu, mti wetu."

Chini kabisa, chini ya wote hao, alikaa Bi Fuko.

Fuko mnamjua. Mnyama wa kuchimba. Manyoya laini, meno yanamtangulia mdomoni, na macho, tuseme anayo, lakini hayana kazi. Yeye hujua mambo kwa mikono, kwa pua na kwa masharubu. Njia zake zilipita katikati ya mizizi ya mvule, na kila mzizi aliufahamu kama wewe unavyozifahamu sufuria za mama yako. Huu mnene unakwenda mtoni. Huu una kinundu. Huu mwembamba ni mchokozi, unamkuna mgongo kila akipita.

Na kwenye ncha za mizizi palikuwa na nyuzi nyeupe, nyororo, nyuzi za uyoga. Bi Fuko aliziita wachotaji. Kazi yao ilikuwa kwenda mbali kuliko mzizi, kuchota maji na kuyaleta nyumbani. Chururu, chururu, mchana kutwa. Mzizi unakunywa, mti unakunywa, na huko juu wanasema, "Mti wetu, mti wetu." Aliyesema "wachotaji wetu" hakuwapo, lakini hayo tuyaache, twende.

Sasa Fisi. Siku moja Fisi aliacha kula mifupa. Nyinyi mkisikia fisi ameacha mfupa, msimpongeze, muulizeni kulikoni. Pale Kivumoni walimpongeza. Fisi akajenga tanuri kubwa upande unakotoka upepo. Akakusanya mifupa, pembe, kwato na ngozi kuukuu, akavichoma. Moshi mweusi, moshi wa manjano, bubu-bubu-bubu, unapanda, unaelea, unakwenda kulala juu ya mvule. Na tanurini Fisi akatoa unga mweupe, laini. Akauita poda.

Basi, msitu mzima ukawa hauishi bila poda. Pundamilia akaongeza mistari. Ngiri akajipaka puani, apendeze. Twiga, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, akajipaka uso mzima na shingo yote, na shingo ya twiga mnaijua urefu wake. Mla nyama alimpelekea Fisi kipande cha nyama. Asiyekula nyama alimpelekea mifupa ya marehemu wa kwao. Wakapendeza, wakatazamana, wakasifiana.

Mvua iliponyesha, moshi uliolala juu ya majani ulishuka na maji. Tiririri mpaka kwenye shina, tiririri mpaka ardhini. Bi Fuko akatia ulimi udongoni, akautema.

"Udongo umechacha," akasema peke yake gizani.

Bi Fuko alikuwa na shoga yake, Bi Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Na hawa hondohondo wana desturi yao. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti, na mlango huzibwa kwa tope. Huachwa ufa mdogo wa kupitishia chakula tu. Mume hutafuta, mke hupokea. Humo ndani mke hunyonyoka manyoya ya mabawa yote, hawezi kuruka, na hatoki mpaka watoto wamekua. Kutoka kabla ya siku ni aibu ya ukoo. Tundu lake mwaka huo lilikuwa kwenye mvule, si juu sana, upande unaotazama tanuri.

Siku ya kuziba mlango, Bi Hondohondo aliweka tope mdomoni, akasita.

"Baba Watoto, tope hili chachu. Kama maziwa ya juzi."

Bwana Hondohondo alikuwa katibu wa kamati. Hakuwa na muda.

"Mama Watoto, wajawazito na udongo nani asiyewajua? Leo utasema chachu, kesho utaniagiza nikuletee mwingine. Ziba."

Akaziba. Ndani ya mti mlikuwa na uwazi ulioshuka kutoka kwenye tundu mpaka mizizini, kwa hiyo wale mashoga wawili waliweza kuzungumza. Bi Hondohondo hugonga kwa mdomo, tok tok tok, na Bi Fuko hutega sikio kwenye mzizi.

"Umeamkaje, shoga yangu?"

"Nimeamka kama nilivyolala, na mayai mawili. Huko chini je?"

Swali hilo ndilo lililomfanya Bi Fuko akague. Alianza na mzizi wa mtoni. Akaufuata, akaufuata, ukaisha njiani. Ncha yake ilikuwa nyeusi, akiigusa inavunjika, pwa. Akaenda kwenye mzizi wa kinundu. Mfupi. Akawatafuta wachotaji. Alipapasa huku, alipapasa kule, hakuna uzi hata mmoja. Akapita mahali pa yule mwembamba mchokozi, akangoja kukunwa mgongo. Hakukunwa. Bi Fuko akakaa pale akalia.

Nasema alilia, na msidhani alijililia. Nyumba ya fuko ni shimo, mti uwepo usiwepo. Alimlilia shoga yake, aliyejifungia huko juu na mayai mawili, bila unyoya wa kurukia, ndani ya mti usio na cha kuushikilia.

Lakini sasa sikilizeni kichekesho. Huko juu majani yalinawiri. Yalikuwa ya kijani, ya kijani kibichi, mapana, mengi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Miaka yote mvule haujawahi kuwa na majani namna ile. Na siku ya ukaguzi ilikuwa imefika.

Kila mwaka, kabla ya masika, kamati iliukagua mti. Waliukaguaje? Twiga aliinua shingo, akatazama majani. Akatafuna moja. Akafumba macho. Akafumbua.

"Kijani," akasema.

"Andika, kijani," akasema Bwana Hondohondo, akajiandikia mwenyewe.

Wakapiga makofi, pwa pwa pwa, poda ikapaa.

Hapo udongo ukafumuka miguuni mwao, na Bi Fuko akatoa kichwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Mmetazama juu. Nani ametazama chini?"

"Marahaba, bibi. Chini kuna nini?"

"Mizizi imekuwa mifupi. Ncha zimeungua. Wachotaji wamekufa wote. Moshi wa Fisi unashuka na mvua, unauchachua udongo."

Fisi akacheka, hihihi, kwa upole kabisa.

"Bibi yangu, hebu yatazame majani. Moshi wangu ndio unaoyalisha. Mimi nachoma mifupa mti unenepe, halafu nalaumiwa."

"Unayalisha, sikatai," akasema Bi Fuko. "Ndiyo shida yenyewe. Mti unaletewa chakula mlangoni, mizizi imeacha kutoka kutafuta. Na ile michache inayojaribu kutoka inaunguzwa na uchachu. Juu kichwa kinakuwa kizito, chini miguu inanyauka. Upepo ukija mtaona."

Twiga akakohoa kidogo, akaiweka sawa shingo yake. Katika baraza la Kivumoni, shahidi alikuwa na kiapo chake. Lazima aguse chini ya jicho la kulia, aguse chini ya jicho la kushoto, aseme, "Nimeona kwa haya mawili." Asiyeapa hivyo, maneno yake hayaandikwi.

"Apa," akasema Twiga.

Bi Fuko akainua mkono. Akapapasa uso wake. Akagusa manyoya. Tumbili mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata, kwa kuwa tumbili hawapendi mwenzao acheke peke yake.

"Sina ya kuapia," akasema Bi Fuko. "Lakini mzizi huu hapa, nimekuja nao. Utazameni nyinyi wenye macho."

Akautoa mzizi mfupi, mweusi. Twiga akaushusha uso, akautazama kwa mbali.

"Bibi, mzizi ni kitu cha chini ya ardhi. Hiki kiko juu ya ardhi. Hiki ni kijiti."

"Basi ingiza kichwa shimoni mwangu, uutazame ukiwa huko huko. Shingo unayo, Mheshimiwa. Hapa hakuna mwingine anayefika."

Twiga akalitazama lile shimo. Lilikuwa na tope. Akakumbuka poda yake.

"Jambo hili litafikiriwa," akasema.

Mnajua maana ya litafikiriwa. Halikufikiriwa.

Likafikiriwa jingine. Kamati iliamua kwamba, kwa sababu ya majani yale, Fisi apewe cheo cha Mlezi wa Mti. Sherehe ikapangwa baada ya mwezi mmoja.

Bi Fuko akarudi chini, akaweka mdomo kwenye mzizi.

"Shoga yangu, toka."

"Nitokeje? Sina mabawa, mayai yanakaribia kupasuka. Nikianguka kutoka huku juu, nitabaki mzima?"

Bi Fuko akafikiri. Yeye alifikiri kweli. Halafu akaanza kuchimba. Akachimba udongo laini, akausukuma juu, fu, fu, fu, chini ya tundu la shoga yake. Kesho yake tena, fu, fu, fu. Wiki ya kwanza likawa kichuguu. Wiki ya pili likawa tuta refu kuliko ngiri. Wapita njia wakasimama.

"Bi Fuko, unajenga mlima wako?"

"Najenga."

"Wa kupandia uone nini?"

Wakaenda zao wakicheka. Meno ya Bi Fuko yalichakaa, kucha zikamkatika, mikono ikavimba. Hakuacha.

Mayai yakapasuka. Vifaranga viwili, uchi, midomo wazi. Vikaota manyoya ya shingo, vikawa vinaweza kusimama. Siku hiyo Bi Hondohondo akaanza kubandua mlango wake mwenyewe. Ko, ko, ko. Donge likaanguka.

Bwana Hondohondo akarudi na tini mdomoni, akaona mwanga mahali pasipotakiwa kuwa na mwanga.

"Mama Watoto, nini hii?"

"Natoka. Mti unaanguka."

"Nani kasema?"

"Shoga yangu."

"Yule asiyeona? Unataka waseme mke wa katibu ametoka kabla ya siku zake? Na sherehe iko mlangoni?"

Akachota tope, akaziba. Alipoondoka, mke akabandua, ko, ko, ko. Aliporudi, mume akaziba, pata, pata, pata. Mke anabandua, mume anaziba. Sijapata kuona nyumba yenye mlango unaotunzwa namna hiyo. Mara ya nne mume akachanganya tope na kinyesi chake, likauka likawa gumu kama kigae, akaenda sherehe kwa amani.

Sherehe ilikuwa mchana, jua la utosi. Wageni walikaa upande wa pili wa mvule, shina liwakinge na tanuri, maana hata wanaousifu moshi hawapendi kuuvuta. Wote wamejipaka. Fisi ameketi mbele kwenye gogo, na sahani ya nyama magotini. Twiga alisimama akahutubia. Alisema majani. Akasema kijani. Akasema tena majani.

Upepo ukaanza. Fuuu. Si upepo wa ajabu. Ni ule ule wa kila mwaka unaotangulia masika. Majani yakaupokea, maana yalikuwa mengi, mapana kama masikio ya tembo. Mti ukainama kidogo, ukarudi. Huko chini Bi Fuko akasikia, ka. Mzizi mmoja. Akangoja. Ka. Mzizi wa pili.

Akagonga kwenye uwazi wa mti kwa meno, tok tok tok.

"Shoga yangu, ni sasa."

"Mlango umezibwa kwa kinyesi, hautoboki."

"Mdomo wako ni wa nini? Wewe ni hondohondo, au ni chiriku? Toboa, nakuomba. Toboa."

Bi Hondohondo hakuwahi kumsikia Bi Fuko akiomba. Akarudi nyuma mpaka mkia ukagota ukutani, akajitupa na ule mdomo wake wote. Ko! Ufa. Ko! Ufa ukapanuka. Ko! Mlango wote ukatoka kipande kimoja.

Akamsukuma kifaranga wa kwanza. Puu, kwenye tuta. Akamsukuma wa pili. Puu. Akatazama chini, akafumba macho, akajiangusha mwenyewe. Puuu.

Udongo ulikuwa laini. Hawakuvunjika kitu.

Wageni walisikia puu tatu. Hotuba ilikuwa ndefu, na puu moja ingetosha kuwanyanyua. Wakainuka mbio kuzunguka shina wakaone. Wakamkuta mke wa katibu, uchi wa mabawa, amejaa vumbi, na wanawe wawili wakipiga chafya. Lo, walicheka. Tumbili walicheka wakajigaragaza. Bwana Hondohondo akaficha uso kwenye ubawa.

"Usisimame," Bi Fuko, aliyekwisha kutoka shimoni, akamwambia shoga yake sikioni. "Tembea. Moja kwa moja, mpaka kwenye mawe kule. Wacha wacheke."

Bi Hondohondo akatembea, watoto nyuma. Na wale wote wakamfuata, wakimpigia vigelegele na makofi kama bibi harusi. Hata Twiga aliiacha hotuba akafuata, ili aseme jambo hili litafikiriwa. Msafara mzima ukasogea, ukasogea, ukafika kwenye mawe. Aliyebaki chini ya mti ni Fisi tu, maana sahani ilikuwa bado na nyama.

"Bibi, umeleta fedheha," Twiga akamwambia Bi Fuko, aliyekuja nao. "Umeona nini hasa?"

"Sijaona kitu," akasema Bi Fuko. "Nimesikia."

"Kusikia hakuandikwi."

Ka. Ka. Kakakaka. Krrrrrrr.

Mvule ulianguka polepole, kama mtu mzima anayetafuta mahali pa kukaa. Halafu, bwaaa! Ardhi ikaruka. Tawi moja lilimkuta Fisi kiunoni alipokuwa akiinuka. Hakufa. Fisi hafi upesi. Lakini kiuno kilibonyea, na mpaka leo mkimwona anatembea mbele juu nyuma chini, mjue ni sherehe ile.

Vumbi likatua, na poda pamoja nalo.

Mizizi ya mvule ilikuwa hadharani sasa, imeelekea juu, mchana kweupe. Mti mkubwa vile, na mizizi yake ingeenea kwenye ungo. Mifupi, myeusi, haina uzi mweupe hata mmoja. Twiga akashusha shingo. Sasa hapakuwa na shimo wala tope. Akagusa chini ya jicho la kulia, akagusa chini ya jicho la kushoto.

"Nimeona kwa haya mawili," akasema. "Katibu, andika. Mti umeangushwa na upepo. Iundwe kamati ya kuuchunguza upepo."

Bi Fuko akasema, "Upepo huu ulivuma mwaka jana. Ukavuma mwaka juzi. Kilichobadilika ni nini?"

Wakamtazama, wakatazamana. Kila mmoja aliona poda usoni mwa mwenzake, na hakuna aliyependa kuendelea na mazungumzo hayo. Fisi, pale alipolala na kiuno chake, alikuwa amekwisha kuona kwamba mti mzima ule ni kuni za tanuri za miaka mitatu.

Bwana Hondohondo peke yake hakuandika. Alikwenda kwenye mizizi, akaigusa kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Akarudi kwa mkewe.

"Mama Watoto, ulisema tope ni chachu."

"Nilisema."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema ziba."

Akamchukua kifaranga mmoja, akampangusa vumbi kwa upole. Kisha akamgeukia Bi Fuko, aliyekuwa amekaa pembeni akilamba mikono yake iliyovimba, akamwamkia kwa heshima, shikamoo, mara ya kwanza tangu waishi mti mmoja.

Wakahama wote watano, mbali, ng'ambo ya kilima ambako moshi haufiki. Na tangu siku hiyo hondohondo jike ana desturi mpya. Kabla hajaingia tunduni, hushuka chini ya mti. Hachungulii majani. Huchota udongo mdomoni, akautuliza ulimini, akangoja. Dume husimama kando na hasemi neno. Ukiwa chachu, jike huutema, na wote wawili huondoka, hata mti uwe na majani mazuri namna gani.

Hilo ndilo funzo, na sitalifunika kitambaa. Moshi tunaoupeleka juu hurudi chini, na huanza kula mahali tusipotazama. Majani kupendeza si ushahidi kwamba mizizi ni mizima. Na anayeishi chini akiwaambia udongo umeharibika, mwaminini angalau kiasi cha kwenda kutazama, kabla hamjamtaka aape kwa macho asiyokuwa nayo.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mizizi iliyolala juani. Mwenye poda usoni akanawe.